Jembe la Mama

Hyasinti alikuwa mtu wa mwisho kijijini kujua kwamba ameandikwa. Habari ilimkuta mashineni, Jumatatu asubuhi, alipokwenda kusaga debe moja la mahindi. Kilian, mwendesha mashine, mtu mzima na baba wa watoto wanne, alikuwa amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Alilipokea debe, akaliweka chini, akasema bila hata kutabasamu:

"Karibu sana, mama Ottilia."

Hyasinti alidhani mke wake amemfuata. Akageuka. Nyuma yake hakuwapo Vitalia. Walikuwapo wanawake watano wa foleni, na wote waliinamisha vichwa kwa pamoja kana kwamba kuna sindano imeanguka.

"Umesemaje, Kilian?"

"Nimesema karibu."

"Hapana. Umetaja jina."

Kilian aliwasha mashine. Mashine ikinguruma hakuna anayemsikia mwenzake, na kwa wengine huo ndio uzuri wake. Hyasinti alisimama pale mpaka unga wake ukaisha kushuka, akajitwisha begani, akatoka bila kuaga.

Dada yake Ephrasia ndiye aliyemfikia njiani. Alikuwa mmoja wa wale watano, na alikuwa ameiacha zamu yake kwenye foleni.

"Kaka, ina maana hujaisoma ile karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Iko shuleni, kwenye ubao wa getini. Juzi wazazi walipopeleka mahindi ya shule waliikuta, mmoja akawasomea wenzake kwa sauti. Ottilia kaandika kwamba alfajiri unakwenda shamba na jembe la mama yake. Kwamba unafukia ngolo." Ephrasia alitazama pembeni aliposema neno hilo la mwisho. "Kaiandika vizuri, lakini. Mimi nililia."

"Watu wengine je?"

"Watu wengine walicheka."

Asiyetoka milima ya Mbinga atauliza kosa liko wapi. Huku shamba la mteremko hulimwa kwa mashimo. Mwanaume hufyeka nyasi kwa nyengo, huziacha zikauke, kisha huzipanga kwa mistari inayokatizana mpaka mlima mzima unakuwa miraba miraba. Hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke huja na jembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nao zile nyasi na mbegu ya maharage, mpaka linabaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Mvua ikinyesha maji hukaa shimoni na udongo haushuki bondeni. Hiyo ndiyo ngolo, na ndivyo ilivyogawanywa tangu mababu: nyasi za mume, udongo wa mke. Mwanaume anayefukia hajavunja sheria ya serikali wala amri ya Kanisa. Amefanya jambo baya zaidi, amechekesha watu.

Hyasinti alifika nyumbani akautua unga mlangoni. Ottilia, binti yake, alirudi kutoka shule saa kumi, akamwamkia. Aliitikia marahaba, akaendelea kunoa nyengo yake. Hakumpiga, hakumfokea, na jambo hilo lilimtisha Ottilia kuliko fimbo.

Alfajiri ya siku iliyofuata Hyasinti hakwenda shambani. Nusu ya chini ya shamba ilikuwa imekwisha kufukiwa. Nusu ya juu, ile inayopakana na njia, ilibaki na nyasi zake zimepangwa juu ya ardhi, na mbegu ya maharage ikabaki kwenye kapu chini ya kitanda. Mwezi wa tatu ulikuwa unasonga. Maharage yakichelewa kuingia udongoni mwezi huo, mwaka mzima mtu hula ugali kwa majani.

*

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilianzia kwenye kipindi cha fasihi.

Mwaka ule wa tisini na sita Ottilia alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya kutwa waliyoijenga wazazi wenyewe, kwa matofali yao na mabati ya kuchangishana, kwa sababu serikali ilikuwa imetangaza kwamba sasa kila mtu ajitegemee. Mwalimu wao wa Kiswahili, Aidan, alikuwa mtu wa ziwani, kutoka Ngumbo. Kwao mume na mke huinama pamoja kwenye shamba la muhogo na hakuna anayewahesabia nani kashika mpini gani. Alikuwa katika mwaka wake wa tatu mlimani, alikwisha kuzoea baridi, na alidhani kwamba akishazoea baridi amekwisha kuwajua watu.

Mwalimu Aidan alikuwa na swali moja tu, na aliliandika kwa wino mwekundu pembeni mwa kila insha: Umeliona wapi? Mwanafunzi akiandika kwamba jua lilichomoza kwa madaha, swali hilo linamsubiri. Akiandika kwamba machozi yalimtiririka mithili ya maporomoko ya mto, linamsubiri hapo pia. Darasa zima lilimpa jina la Mwalimu Umeliona Wapi. Ottilia alilichukia swali hilo mwaka wa kwanza, akalizoea mwaka wa pili, na mwaka wa tatu akaanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaandika.

Ndipo alipoandika "Kazi ya Alfajiri". Hakuweka methali hata moja. Aliandika jinsi baba yake anavyolishika jembe karibu mno na chuma, kama mtu aliyeazima. Aliandika jinsi anavyoliosha kijitoni kabla jua halijatoka na kulirudisha nyuma ya mlango, mahali lilipokuwa, na mpini umeelekezwa upande uleule. Mwalimu Aidan alisoma ukurasa wa kwanza amekaa, wa pili akausoma amesimama. Pembeni hakuuliza kitu. Aliandika: Umeliona. Kesho yake akaibandika getini, kwa nia njema kabisa, pamoja na jina na kidato.

*

Jumapili, baada ya misa, Hyasinti aliitwa kwenye sengu. Sengu ni wanaume wa ukoo kula pamoja uwanjani kwa kaka mkubwa, na wakimaliza kula husemezana. Siku hizi koo nyingi zimeiacha, kila mtu anakula kwake na redio yake, lakini Bernadi aliishikilia. Bernadi alikuwa kaka wa kwanza wa Hyasinti, katekista, mwenyekiti wa kitongoji, na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona na shati lisilofungwa vifungo vyote.

Ilikuwa Kwaresima, kwa hiyo pombe haikuwapo, wala nyama. Ugali na maharage. Hyasinti alinawa akakaa mahali pake, na akaona kwamba wawili waliozoea kukaa karibu naye wamesogea kidogo.

"Hyasinti," alisema Bernadi walipomaliza. "Lisemwalo lipo. Tuambie wewe mwenyewe. Lipo au halipo?"

"Mtoto kaandika insha ya shule."

"Sikuuliza mtoto kaandika nini."

Hyasinti alikusanya makombo ya ugali mbele yake.

Mzee Xaveri, baba yao mdogo, alikohoa. "Wanawake wanasema umelishwa limbwata. Wanasema sasa hivi utaanza kufua. Mimi nasema hapana, huyu ni mwana wa ndugu yangu namjua. Lakini mwanangu, mtu hawezi kukutetea ukiwa umefunga mdomo."

"Mke wako ana mikono?" Bernadi aliuliza.

"Anayo."

"Ana miguu?"

"Kaka, unamjua shemeji yako."

"Namjua. Nilikuwa namwona akifukia miraba thelathini kwa siku, na mtoto mgongoni. Ndiyo maana nauliza."

Hyasinti angeweza kulimaliza pale pale kwa sentensi moja. Sentensi hiyo aliibeba tangu Januari, tangu siku alipomsindikiza Vitalia kwenye hospitali ya misheni na kurudi naye wakitembea polepole, wakipumzika kila kona. Lakini alikuwa ameahidi. Zamani asingehitaji kuahidi wala kuficha: angeitisha ngokela, wanawake wa ukoo wangekuja siku moja na majembe yao, wakafukia shamba lote kwa kupewa togwa na pombe. Tangu soko la kahawa lifunguliwe na wanunuzi waanze kupanda mlima na mizani zao kwenye pikapu, hata jembe la jirani lilikuwa na bei yake. Na kahawa ya Hyasinti, msimu uliopita, ilitosha karo ya Ottilia na chumvi.

"Sina la kusema," alisema.

"Basi sisi tunalo," alisema Bernadi. "Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya wazazi shuleni. Binti yako asimame mbele ya watu aseme kwamba alibuni. Akisema hivyo, yamekwisha, tutacheka tutasahau. Asiposema, ina maana ni kweli. Na kama ni kweli, Jumatatu yake tunakwenda Ukata kwa wakwe zetu, kuwauliza binti yao amempa ndugu yetu nini."

Hakuna aliyepinga. Hyasinti alinawa mikono mara ya pili, ingawa ilikuwa safi.

*

Vitalia aliisikia hukumu hiyo kabla mume wake hajafika nyumbani, maana maneno ya sengu huruka ua. Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda cha chini akichambua mboga. Alimwita Ottilia, akamwambia afunge mlango.

"Unajua kwa nini baba yako anakwenda na jembe langu?"

"Najua unaumwa mgongo."

"Siumwi mgongo." Vitalia aliendelea kuchambua mboga. "Kizazi changu kimeshuka. Tangu yule mtoto wa mwisho tuliyemzika. Nikiinua jembe kinatoka nje, mwanangu. Natembea nikiwa nimekishika. Daktari amesema nisilime, nisibebe ndoo, mpaka nikafanyiwe operesheni Peramiho, na pesa ya operesheni bado hatujapata. Nilimwambia baba yako, akijua mtu mwingine hapa kijijini mimi nitakufa kwa aibu kabla ya ugonjwa. Akaapa."

Ottilia alikaa sakafuni. Aliiona miezi yote mitatu kwa upya: mama akisema ndoo yake isijazwe, mama akikataa kusimama muda mrefu kanisani, mama akicheka akiwa amejishika kiunoni. Yote hayo alikuwa ameyaona, na hakuyaelewa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mama, nisamehe."

"Hukujua. Lakini sasa unajua, na hili si la kuandika."

"Wakienda Ukata kwa babu je?"

"Wakienda, baba yangu ataniita aniulize, na mimi nitasema mbele ya wanaume." Alisukuma bakuli la mboga pembeni. "Kwa hiyo Jumamosi useme ulibuni. Uongo mmoja mdogo. Padri atauondoa."

*

Mwalimu Aidan aliposikia, alikwenda mwenyewe kuibandua ile karatasi, mbele ya wanafunzi, na misumari midogo ikamchoma kidole. Kisha akamwita Ottilia ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. "Kosa ni langu. Nilikuuliza umeliona wapi, miaka mitatu. Sikukuuliza hata mara moja ni la nani. Kwa nini hukuniambia kwamba huku mwanaume hafukii?"

"Nilidhani unajua, mwalimu. Kila mtu anajua."

"Mimi ni wa muhogo na dagaa. Ningejulia wapi?" Alijifuta damu ya kidole kwa leso. "Sikiliza. Siku ya wazazi kila kidato kinatoa mmoja wa kusoma insha ya 'Nilivyokua katika Uandishi'. Cha tatu nilikwisha kukupanga wewe. Nikikuondoa watasema umefichwa. Ukisoma, mimi nitasimama kwanza niseme kwamba ile ilikuwa hadithi ya kubuni, kama hadithi zote. Si dhambi. Vitabu vyote mle kabatini ni vya kubuni."

"Lakini si ya kubuni."

"Najua."

"Uliandika pembeni, Umeliona."

Mwalimu Aidan alifungua kabati. Alimpa karatasi nne safi za mistari, kitu kilichokuwa adimu shuleni hapo, akamwambia aandike anavyoona yeye.

Ottilia aliandika siku tatu na kuchana siku tatu. Akiandika kwamba alibuni, kalamu ilikwenda mbio na maneno yalikuwa yaleyale ya kidato cha kwanza, mazuri, ya kuazima. Akiandika ukweli, aliona mama yake amesimama mbele ya wanaume wa Ukata.

*

Alhamisi jioni, jua bado likiwa juu ya mlima wa pili, Hyasinti alikuwa kwenye kahawa akikata machipukizi. Ottilia alimpelekea maji. Alikunywa, akarudisha kikombe, akauliza bila kumtazama:

"Ile karatasi unayo?"

"Mwalimu alinirudishia."

"Ilete. Unisomee. Wamesomewa watu wote, kasoro mwenyewe."

Alisoma akiwa amesimama kati ya mistari ya mibuni. Hyasinti aliendelea kukata. Aliposikia habari ya jembe kuoshwa kijitoni, mkono ukasimama. Ottilia alipomaliza, baba yake aligeuka akamtazama.

"Umekosea," alisema.

"Wapi, baba?"

"Umeandika nilianzia juu. Sikuanzia juu. Mtu gani anayejificha akaanzia juu, njiani? Nilianzia chini, karibu na kijito, pale njia haioni."

"Nilikuona ukiwa juu."

"Uliniona siku ya tisa, nimekwisha kupanda mpaka katikati. Ya kwanza hukuniona." Alifuta kisu kwenye suruali. "Na umeandika nilikuwa natetemeka kwa baridi."

"Ulikuwa unatetemeka. Nilikuona mwenyewe."

"Uliona kutetemeka. Baridi umeiweka wewe. Mimi nimezaliwa na baridi hii, itanitetemesha leo?" Alikata tawi moja. Alipoendelea, sauti ilikuwa ileile ya kuelezea machipukizi. "Nilikuwa naogopa, Ottilia. Kila jani likicheza nalala chini, mtu mzima, nimelala kwenye shimo na jembe la mke wangu. Hiyo ndiyo uandike, kama unaandika."

Ottilia alitoa kalamu ya risasi kutoka kwenye nywele zake, akakata mstari juu ya neno baridi. Machozi yalimdondoka juu ya karatasi, akayafuta kwa kiganja.

"Wanataka niseme nilibuni. Mama naye anataka."

"Najua wanachotaka."

"Wewe unataka nini, baba?"

Hilo Hyasinti hakuwa ameulizwa na mtu yeyote tangu Jumatatu ya mashine. Alilifikiria.

"Kama utasoma, soma ilivyokuwa. Nimechoka kulala shimoni. Lakini la mama yako si langu wala si lako. Kamwulize."

Alimwuliza usiku huohuo wakipakua. Vitalia alipakua sahani zote kwanza. "La baba yako ni la baba yako," alisema mwishowe. "Akiamua kulibeba mchana, mimi siwezi kumzuia. Langu liache palepale lilipo."

*

Siku ya wazazi ilikuwa na mawingu. Wazazi walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, akina mama upande mmoja, akina baba upande mwingine, kama kanisani. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili. Kwaya iliimba, kidato cha kwanza wakasoma, cha pili wakasoma. Bernadi alikuwa safu ya mbele na vifungo vyake vyote. Nyuma kabisa, kwenye mti wa bendera, alisimama Hyasinti. Vitalia alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na Ephrasia.

Mwalimu Aidan alisimama ili aseme yale ya kubuni. Alimtazama Ottilia, naye akatikisa kichwa kukataa. Mwalimu akasema tu, "Kidato cha tatu, Ottilia Hyasinti," akakaa.

Ottilia alisoma:

"Kidato cha kwanza niliandika safari ya ndege. Sijawahi kupanda ndege. Niliandika kwamba nilitazama chini nikaona Mbinga imekuwa ndogo kama kibiriti. Mwalimu aliandika pembeni, Umeliona wapi? Mimi nilidhani anauliza dirisha lipi."

Watu walicheka, hata mgeni rasmi.

"Kidato cha pili niliandika juu ya baba yangu. Niliandika kwamba ana misuli ya chuma na hajui woga. Mwaka ule baba wa kila mwanafunzi alikuwa na misuli ya chuma. Hata wasio na baba waliandika hivyo.

"Kidato cha tatu niliandika nilichokiona, nikadhani nimefika. Ile karatasi mliisoma getini. Wakati mnaisoma, mwenyewe alikuwa hajaisoma. Kuona kitu hakukifanyi kiwe chako. Nilichukua kitu cha baba yangu bila kumwuliza, kama mtu anayechuma kahawa kwenye shamba la mwenzake, na kuchuma vizuri hakuondoi kosa.

"Nimetakiwa leo niseme kwamba nilibuni. Ni kweli kuna mawili niliyobuni. Niliandika kwamba baba alianzia kufukia juu ya shamba. Hakuanzia juu, alianzia chini kijitoni. Na niliandika kwamba alitetemeka kwa baridi. Safari hii nimemwuliza. Haikuwa baridi. Alikuwa anaogopa."

Aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Sentensi iliyofuata aliijua bila kusoma.

"Alikuwa anawaogopa ninyi.

"Mengine yote ni kweli. Kwa nini alifanya hivyo sikuandika, kwa sababu si langu kuandika. Hapo nimeacha shimo. Kila mtu hapa anajua kwamba shimo la ngolo haliachwi kwa uvivu. Hivyo ndivyo nilivyokua."

Hakuna aliyepiga makofi. Mahali fulani mtoto alilia akanyonyeshwa. Mkuu wa shule alisimama haraka akashukuru, akaita ngoma ya kidato cha nne. Bernadi aliondoka kabla ya chakula, na watu wakaona, maana Bernadi haondoki kabla ya chakula.

*

Jumatatu hakuna aliyekwenda Ukata. Hakuna pia aliyesema kwamba safari imefutwa. Vitalia alikaa na kanga yake nzuri tangu asubuhi, tayari kuitwa, mpaka jua likazama.

Jumanne, shule ikiwa imefungwa kwa ajili ya Pasaka, Hyasinti alikunywa uji na familia yake, akalichukua jembe nyuma ya mlango, akatoka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Ottilia alimfuata na kapu la mbegu. Hyasinti alipita moja kwa moja mpaka nusu ya juu, kwenye mraba unaogusa njia, akamwaga maharage, akaanza kuchimba. Mkono ulikuwa unatetemeka na jua lilikuwa kali.

Wa kwanza kupita alikuwa Kilian, na gunia kwenye baiskeli. Alishuka. Ottilia alijiandaa kusikia lile jina.

"Habari za kazi, kaka," alisema Kilian.

"Nzuri."

Kilian alikokota baiskeli yake akaenda. Wakapita akina mama wawili waliosalimia kwa sauti ya chini mno. Akapita mtu aliyejifanya kutazama mawingu. Ephrasia alikuja na jembe lake, hakusema kitu, akaanza mraba wa tatu.

Kisha akatokea Bernadi, ametoka kuandaa kanisa kwa Alhamisi Kuu. Alisimama njiani, mikono nyuma. Hyasinti alimwona, akaendelea kuchimba, akavuta udongo, akautupa juu ya nyasi. Bernadi alitazama mraba wa kwanza mpaka ukaisha. Akatazama wa pili mpaka katikati.

"Unafukia vibaya," alisema.

"Nafukia ninavyojua."

"Unautupa. Haupaswi kutupwa, utaviringika wote uingie shimoni mvua ya kwanza. Unauvuta, unaulaza, halafu unaukandamiza kwa mgongo wa jembe." Alionyesha kwa mkono mtupu, akaona kwamba mkono mtupu hauonyeshi kitu. Akatazama juu ya njia. Akatazama chini ya njia. "Lete hapa."

Alifungua kifungo cha juu cha shati, akashuka kwenye shamba, akalichukua jembe la Vitalia. Aliuvuta udongo mara nne, kila upande mara moja, akaulaza, akaukandamiza, na mraba ukasimama sawa kama umepimwa kwa kamba. Ephrasia alikuwa ameacha kulima, mdomo wazi. Hata yeye hakufukia hivyo.

"Kaka," aliuliza Hyasinti polepole. "Nani amekufundisha wewe?"

Bernadi aliukandamiza upande ambao ulikuwa tayari umekandamizwa.

"Mwaka wa sabini na nne," alisema. "Shemeji yako alipojifungua mapacha. Msimu mzima. Na mimi nilianzia chini."

Alimrudishia Hyasinti jembe, akapanda njiani, akafunga kifungo chake. Hapo ndipo alipomwona Ottilia amesimama na kapu la mbegu, ametoa macho.

"Na wewe," alisema. "Hili usiliandike."

"Sitaandika, baba mkubwa."

Bernadi alikwenda hatua kumi hivi, akasimama, akarudi hatua tatu.

"Au uniulize kwanza," alisema.